Kampuni ya umeme inataka irudishiwe gharama za nyuma kwenye bei mpya, mdhibiti kakata, wao wamekata rufaa. Sisi wateja tushike hoja ipi?

Mlipa Bili

Habari zenu wakuu, naomba wenye uelewa na mambo ya bei za umeme mnisaidie maana nimesoma maombi yao ukurasa kwa ukurasa na bado kuna sehemu nakwama. Kampuni iliomba bei mpya, ndani yake wameweka mtambo uliochelewa kukamilika na gharama zake zimekaribia mara mbili ya makadirio ya mwanzo, wameweka mafuta ya jenereta za dharura ya kipindi kile mabwawa yalipokauka, halafu kuna fungu wanaliita marekebisho ya mapato ya miaka iliyopita, yani wanasema bei ya zamani ilikuwa chini ya gharama halisi kwa hiyo ile tofauti tuilipe sasa. Mdhibiti kakubali baadhi, kakata kiasi kikubwa cha mtambo na nusu ya hayo marekebisho. Kampuni imekata rufaa, inasema imenyimwa haki ya kurudisha gharama zake na mabenki yataacha kuikopesha.

Sisi ni wateja wenye karakana na viwanda vidogo, tumeruhusiwa kuingia kwenye rufaa kama wadau na tunatakiwa kuandika hoja zetu. Wenzangu wengi wanataka tuandike tunapinga kila kitu, bei isipande hata senti, basi. Mimi naona hoja ya namna hiyo itatupwa siku ya kwanza. Naomba kujua, ni kweli kampuni ina haki ya kurudishiwa kila ilichotumia? Gharama ya miaka ya nyuma inaingiaje kwenye bili ya mwaka ujao? Na mdhibiti akikata, sisi tushangilie tu au kuna makato yanayoweza kuja kutuumiza baadae?

Hesabu za Gridi

Mkuu, mmefanya vizuri kutokurupuka. Nimefanya kazi upande wa hesabu za kampuni ya umeme kwa hiyo nitakueleza inavyokuwa mezani.

Mdhibiti anaanza kwa kutafuta mapato ambayo kampuni inatakiwa kukusanya kwa mwaka. Anachukua gharama za uendeshaji, yani mishahara, matengenezo, mafuta, umeme unaonunuliwa kwa wazalishaji wengine, anajumlisha uchakavu, yani bei ya mtambo iliyogawanywa kwa miaka ya maisha yake, anajumlisha kodi, halafu anajumlisha faida juu ya mtaji uliozikwa kwenye mitambo, nyaya na transifoma. Jumla hiyo anaigawa kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa. Hapo kuna kitu watu wengi wanakipita, gharama za uendeshaji zinarudi kama zilivyo bila faida juu yake, faida inakaa kwenye mtaji tu. Ndo maana mwaka 1962 wachumi wawili, Averch na Johnson, walionyesha kwamba kampuni inayopangiwa bei kwa mtindo huu inavutika kuzika mtaji mwingi kuliko unaohitajika, maana kila inachokijenga kinazaa faida na kila inachokikarabati tu hakizai.

Chukua hesabu ndogo. Mtambo wa 100, hela yoyote ile, maisha yake miaka 25, faida iliyoruhusiwa 8% kwa mtaji uliobaki. Mwaka wa kwanza mteja analipa uchakavu 4 na faida 8, jumla 12. Mwaka wa pili mtaji uliobaki ni 96 kwa hiyo faida inashuka kidogo, hivyo hivyo mpaka uishe. Ukijumlisha miaka yote 25 mteja amelipa 100 ya mtaji na 104 ya faida, yani 204. Sasa mkipigania asilimia ya faida ikashuka kutoka 8 mpaka 7, mmeokoa 13 kwenye mtambo huo, tena kama itabaki 7 muda wote, na asilimia huwa inapangwa upya kila kesi. Lakini mkithibitisha kwamba 30 katika ile 100 ilikuwa uzembe wa usimamizi na ikaondolewa kwenye mtaji, mmeokoa zaidi ya 61. Kwenye vikao vya wadau watu wanasimama kupigia kelele asilimia ya faida, thamani ya mtambo inapita kimya kimya na ikishaingia imeingia, mtailipa mpaka watoto wenu wakue.

Kuhusu haki yenyewe, hapana, kampuni haina haki ya kurudishiwa kila ilichotumia. Ina haki ya kupewa nafasi ya kurudisha gharama zilizofanywa kwa busara pamoja na faida inayolingana na hatari ya biashara yake. Nafasi, sio dhamana. Kule Marekani msingi huu umejengwa na kesi mbili za Mahakama ya Juu, Bluefield ya 1923 na Hope ya 1944. Ya Hope ndo inatajwa sana, mahakama ilisema kinachopimwa ni matokeo ya mwisho ya bei, kwamba kampuni iweze kujiendesha, ibaki na heshima yake kwa wakopeshaji na ivutie mtaji, hata kama mtu anaweza kuikosoa njia ya kukokotoa. Kwa hiyo ile hoja yao ya mabenki sio ya kupuuza lakini pia haitoshi kuitamka. Waonyeshe kwa hesabu ya kampuni nzima kwamba makato haya yanawafikisha huko. Fungu moja kukatwa sio ushahidi wa kampuni kufa.

Nguzo Kumi

Mimi hapo kwenye mtambo ndo pananichoma. Mwenye kiwanda akinunua mashine mbovu au mkandarasi akimchelewesha mwaka mzima, hasara ni yake, hawezi kuwaambia wateja wake wa miaka ishirini ijayo wachangie. Na mteja wa kiwanda anaweza kuhama akaenda kwa mwingine, sisi kwenye umeme tunahamia wapi? Nyaya ni za mmoja, nguzo ni za mmoja. Mtu ambaye hana pa kwenda ndo anabebeshwa makosa ya maamuzi ambayo hakuulizwa. Mdhibiti yupo kwa ajili hiyo hiyo, kusimama mahali ambapo soko lingesimama. Mlipa Bili, hili liandikeni kwa nguvu zote.

Mtetezi wa Mlaji

Nakuunga mkono Nguzo Kumi kwenye uchungu, ila kwenye rufaa uchungu lazima uvae kipimo. Vipimo ni viwili na ni muhimu mjue sheria yenu inatumia kipi, maana watu wengi wanachanganya halafu mawakili wa kampuni wanawachana vipande vipande.

Cha kwanza ni busara. Hapa unauliza, siku ile uamuzi unafanyika, kwa taarifa zilizokuwepo siku ile, meneja makini angefanya hivyo? Hairuhusiwi kutumia ulichokijua baadae. Ukiandika mtambo ulikuwa wazo baya kwa sababu mahitaji ya umeme hayakukua kama walivyotegemea, umeshapoteza, kwa sababu siku wanaamua pengine kila mtu aliamini yatakua. Ila uamuzi sio mmoja! Kuna uamuzi wa kuanza, kuna wa kumchagua mkandarasi, kuna wa kuendelea pale ripoti zilipoanza kuonyesha gharama zimeruka, na kila mmoja una tarehe yake na taarifa zake. Kampuni nyingi zinashinda kwenye uamuzi wa kuanza na zinashindwa kwenye uamuzi wa kuendelea. Dai kumbukumbu za bodi za kipindi hicho cha katikati.

Cha pili, je kitu kinatumika na kina manufaa kwa mteja anayelipa? Hapa busara haiokoi. Kesi yake ni Duquesne ya 1989. Kampuni za umeme za Pennsylvania kule Marekani, Duquesne ikiwemo, zilikuwa kwenye mpango wa mwaka 1967 wa kujenga mitambo saba ya nyuklia, mwaka 1980 minne ikafutwa. Ilikubalika kwamba kuanza kulikuwa busara na kufuta pia kulikuwa busara, lakini sheria ya jimbo ya 1982 ilikataza mteja kulipia mtambo ambao hautoi umeme. Kampuni zikasema hii ni kunyang'anywa mali. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa, ikarudi kwenye matokeo ya mwisho, kwa Duquesne kilichokatwa kilikuwa chini ya 2% ya mtaji wake wote na kampuni haikutetereka. Hiyo inaoana kabisa na alichosema Hesabu za Gridi.

Sasa ona upande wa pili, pale sheria inapomwachia mteja alipe kabla mtambo haujakamilika. Jimbo la South Carolina, huko huko Marekani, walipitisha sheria ya namna hiyo 2007. Bei ikapandishwa kwa awamu tisa kwa ajili ya mitambo miwili ya nyuklia ya V.C. Summer, ikaja kuachwa Julai 2017 baada ya kutumika takriban dola bilioni 9, haikuzalisha hata uniti moja. Baadae ikajulikana viongozi walikuwa wakificha hali halisi ya mradi, na aliyekuwa mkuu wa SCANA, kampuni mama iliyokuwa na mradi huo, Kevin Marsh, alihukumiwa kifungo cha miaka miwili mwaka 2021. Sheria ilishawafunga mikono wateja mapema kabisa, gharama ilishahesabiwa ya busara hata kabla haijatumika. Kwenye mradi wa nyuklia wa Vogtle, jimbo la Georgia, mitambo ilikamilika, mmoja 2023 mwingine 2024, ilichelewa miaka mingi na gharama ya jumla ikapita dola bilioni 30. Pale makubaliano ya Desemba 2023 yaliingiza dola bilioni 7.56 za kampuni ya Georgia Power kwenye bei na sehemu nyingine ikabaki kwa wenye hisa. Mtambo unaofanana na wa kwenu ni huu, umekamilika, unazalisha, lakini ghali. Kwa hiyo kipimo cha kutumika hakitawasaidia, nendeni na busara.

Na kama mtu atawaambia mdhibiti kukata ni jambo la ajabu, mpe mfano wa kampuni ya San Diego Gas & Electric. Moto wa mwaka 2007 ulihusishwa na nyaya zao, kampuni ikalipa fidia, ikaomba dola milioni 379 zitoke kwa wateja. Tume ya California ikakataa zote mwaka 2017 kwa sababu kampuni haikuonyesha kwamba iliendesha nyaya zake kwa uangalifu. Wakapanda mahakama zote na 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuwasikiliza. Zingatia hapo mzigo wa ushahidi ulikuwa wa nani, ulikuwa wa kampuni. Hakikisheni na kwenu ni hivyo, msikubali muambiwe nyie ndo mthibitishe uzembe.

Fundi wa Laini

Mimi sio wa sheria, ni wa kwenye nguzo, ila kuna vitu viwili mtavipata tu mkiuliza swali la kifundi.

Kwanza upotevu wa umeme njiani. Mdhibiti huwa anaweka kiwango, tuseme 15%. Kampuni halisi inapoteza 20%. Ili iuze uniti 80 inanunua 100, lakini kwa kiwango kilichowekwa ilitakiwa inunue kama 94 tu. Hizo 6 za katikati gharama yake haitakiwi kuingia kwa mteja. Sasa angalieni hilo fungu la marekebisho ya miaka iliyopita, ni sehemu nzuri sana ya kuzificha, zinarudi kwa jina la gharama halisi ya kununua umeme ilikuwa kubwa kuliko ilivyokadiriwa. Ulizeni, je wamekokotoa kwa upotevu halisi au kwa kiwango kilichoruhusiwa?

Pili matengenezo. Kampuni inaomba bajeti ya kukata miti, kubadilisha nguzo zilizooza, mafuta ya transifoma. Inapewa, ipo ndani ya bei na wateja wanalipa. Mwaka unaisha kazi imefanyika nusu, hela imeenda kwingine, mwaka unaofuata nguzo zilezile zinaombewa tena. Mimi nimesimama chini ya laini ambayo kwenye karatasi ilishatengenezwa na inaniuma kwa sababu ikianguka anayeumia ni mtu, sio karatasi. Takeni jedwali la bajeti iliyoruhusiwa na iliyotumika, mwaka kwa mwaka, kazi kwa kazi.

Mlipa Bili

Nashukuru sana aisee, hili la tarehe za maamuzi na hili la upotevu hatukuwa nalo kabisa. Bado nimebaki na mawili. Haya marekebisho ya nyuma, kisheria inakuwaje mtu anipangie bei, nilipe, halafu arudi kusema ilikuwa ndogo? Na mafuta ya dharura, maana kwa kweli umeme tuliutumia, tukisema hatulipi naona tutaonekana wababaishaji.

Hesabu za Gridi

Upo sahihi kwenye mafuta, msipinge kwa jumla. Ukame haukuletwa na kampuni, na mkikataa gharama ya kweli ya umeme mliotumia mnapoteza masikio ya jopo la rufaa hata kwa hoja zenu nzuri. Ulizeni mafuta yalinunuliwaje, kulikuwa na zabuni au walimwendea mtu mmoja, mkataba wa jenereta uliisha mvua iliporudi au waliendelea kuilipia ikiwa imezimwa, na mabwawa yaliendeshwaje miezi ya kabla, maana kuna anayemwaga maji mapema halafu anaita dharura.

Kwenye marekebisho, kanuni ya kawaida ni kwamba bei inatazama mbele. Ikipangwa, kampuni ikipata ziada ni yake na ikipungukiwa ni yake mpaka kesi inayofuata, na mdhibiti harudi nyuma kufukua. Ila mifumo mingi inaweka mlango maalumu kwa vitu visivyo mikononi mwa kampuni, kama bei ya mafuta, fedha za kigeni, kiasi cha maji na mara nyingine mauzo, kuna akaunti maalumu inayorekodi tofauti na kuirudisha baadae, pande zote mbili, ikizidi mteja anarudishiwa. Swali lenu liwe, kila kipengele kwenye fungu hilo, je mlango wake ulikuwa umeandikwa kwenye kanuni kabla ya miaka hiyo kuanza? Ambacho hakikuandikwa kisiingie. Na miaka ambayo tofauti ilikuwa upande wa wateja ipo wapi, au wameleta ile tu inayowafaa?

Swali lako la kwanza kabisa, kama tushangilie kila mdhibiti anapokata. Hapana, na hili waeleze wenzako vizuri. Angalia Afrika Kusini. Serikali iliipa Eskom, kampuni yake ya umeme, mtaji, randi bilioni 23 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Mdhibiti wao NERSA akaziondoa hizo bilioni 69 zote kwenye mapato ambayo Eskom iliruhusiwa kukusanya, kama vile mtaji wa mwenye kampuni ni mapato ya mauzo. Kwa muda huo bei ikaonekana nafuu. Eskom ikaenda mahakamani, mwaka 2020 ikashinda, bilioni 69 zikarudi kuja kulipwa na wateja. Kata isiyo na mguu kwenye kanuni ya mdhibiti mwenyewe ni mkopo mnaochukua bila kujua, na mara nyingi unarudi na riba. Ndo maana wajibu wenu kwenye rufaa sio kumsifia mdhibiti, ni kumjazia sababu pale alipokata kwa haki lakini akaandika maelezo ya mistari miwili.

Na gharama isiyolipwa haifutiki kwa kunyamaza. Uganda mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya usambazaji inayoitwa Umeme uliisha Machi 2025, ukabaki ugomvi juu ya uwekezaji ambao ulikuwa bado haujarudishwa kupitia bei, serikali ililipa takriban dola milioni 118 na kampuni ikasema inadai zaidi, wakaenda kwenye usuluhishi London. Kila mwaka ambao thamani ya uwekezaji inaachwa bila kukaguliwa vizuri na kukubaliwa au kukataliwa, ugomvi unasukumwa mbele mpaka siku ya kuachana.

Mtetezi wa Mlaji

Naongezea kwenye namna ya kuandika. Rufaa sio kesi upya. Jopo linaangalia kama mdhibiti alifuata kanuni, alizingatia ushahidi uliokuwepo na alitoa sababu. Uingereza mwaka 2021 kampuni za mitandao ya umeme na gesi zilikata rufaa dhidi ya Ofgem, mdhibiti wao, kwa mamlaka ya ushindani, CMA. Hoja yao kubwa ya kiwango cha faida ilikataliwa, CMA ikaona Ofgem ilikuwa na msingi. Lakini kulikuwa na punguzo la ziada ambalo Ofgem iliweka kwa kutarajia tu kwamba kampuni zitafanya vizuri kuliko makadirio, hilo likaondolewa.

Kwa hiyo chukueni uamuzi wa mdhibiti, kila kata muiandikie ukurasa wake. Kifungu gani cha kanuni kinairuhusu, ushahidi upo ukurasa gani wa faili, na sababu aliyoitoa mdhibiti ni ipi. Ile ambayo hamuoni kifungu wala ushahidi msiitetee, iacheni, nguvu yenu pelekeni kwenye mtambo. Na kwenye mtambo msiombe tu ibaki kukatwa, ombeni pia kwamba hata jopo likiona sababu za mdhibiti hazitoshi, jambo lirudishwe kwake aliamue upya kwa ushahidi, lisiingizwe moja kwa moja kwenye bei. Hili ombi la pili watu wanalisahau halafu wanapoteza vyote.

Nguzo Kumi

Na bei ipi inatumika wakati rufaa inaendelea? Maana zinaweza kuchukua muda mrefu na sisi tunalipa kila mwezi.

Mtetezi wa Mlaji

Kawaida ile aliyoipanga mdhibiti, isipokuwa jopo liizuie kwa muda. Kampuni ikiomba itoze bei yake ya juu wakati inasubiri, msikatae mikono mitupu, ombeni masharti. Tofauti iwekwe kwenye akaunti ya peke yake, ihesabiwe kwa kila mteja, na wakishindwa irudishwe na riba ndani ya muda uliotajwa kwenye amri yenyewe. Pale ambapo amri ilisema tu itarekebishwa baadae, marejesho huwa yanamezwa kwenye kesi ya bei inayofuata na aliyefunga kiwanda chake katikati hapati kitu.

Mlipa Bili

Sawa wakuu. Leo jioni naandika barua ya kuomba kumbukumbu za bodi, jedwali la matengenezo la Fundi na karatasi ya kukokotoa upotevu. Wakigoma kutoa nitaleta majibu yao hapa tuyasome pamoja.

Fundi wa Laini

Kwenye jedwali omba na namba za laini, sio majina ya wilaya tu. Ukiwa na namba ya laini mtu anaweza kwenda kuangalia nguzo kwa macho yake.